UZI: Protini za influenza A zinavyonakili RNA ya kirusi, na kwa nini mwanga wa lusiferasi si ushahidi wa kutosha

#1 MwanaRNA

Wakuu, salaam. Kuna swali linarudi kila mara: minireplikoni (seli zilizopewa protini za kunakili za kirusi na jeni la lusiferasi, protini inayotoa mwanga, bila kirusi chenyewe) ikiwaka, je, umepima kirusi kinavyozalisha jenomu yake? Jibu langu ni hapana. Ili ieleweke, inabidi tupite kwanza kwenye kazi ya kila protini.

Influenza A ina vipande 8 vya RNA, jumla karibu nyukleotidi 13,500. Ni RNA ya mkondo hasi, yaani kinyume cha ujumbe wa protini, ribosomu haiwezi kuisoma ilivyo, na seli haina kimeng'enya cha kuigeuza. Kwa hiyo kirusi huingia na mashine yake. Kila kipande kimevikwa NP (protini ya kirusi inayofunika RNA) kuanzia mwanzo hadi mwisho, takriban NP moja kwa kila nyukleotidi 24, na pale ncha zake mbili zinapokutana imekaa polimerasi moja, kimeng'enya kinachonakili RNA. Furushi hilo ndilo RNP. Ukiingiza RNA tupu kwenye seli, bila NP wala polimerasi, haizai kitu.

Polimerasi yenyewe ni protini 3 zilizoshikana: PB1 (asidi amino 757), PB2 (759) na PA (716). PB1 ndiyo inayounganisha nyukleotidi. Nyingine mbili si wasindikizaji, kama mtakavyoona.

Tukubaliane maneno. "Unukuzi" nitautumia kwa kutengeneza mRNA, na "urudufishaji" kwa kutengeneza jenomu mpya. Mijadala mingi huharibika kwa kuchanganya hayo mawili.

Unukuzi: polimerasi ya kirusi hujishikiza kwenye mkia wa Pol II (polimerasi ya seli inayotengeneza mRNA), wakati mkia huo umebeba fosfeti kwenye serini ya 5. Hapo ndipo RNA changa za seli zinapotoka zikiwa na kofia, yaani kifuniko cha mwanzo wa mRNA. PB2 huidaka kofia na kuibana kati ya asidi amino zake mbili, Phe404 na His357. PA hukata nyukleotidi 10 hadi 13 baada ya kofia. Kisha ile sehemu ya PB2 iliyoshika kofia hugeuka karibu nyuzi 70 na kuielekeza ncha iliyokatwa ndani ya PB1, ambayo huendeleza mnyororo kutoka hapo. Huku ndiko kunyakua kofia. Upande wa mwisho, polimerasi bado imeing'ang'ania ncha ya 5′ ya kiolezo, kwa hiyo haiwezi kuipita. Inakwama kwenye U 5 hadi 7 zilizo karibu na ncha hiyo, inazisoma tena na tena, na mkia wa A unapatikana.

Urudufishaji hauhitaji kofia ya mtu. PB1 huanza kwa kuunganisha A na G. Kwenye vRNA (RNA ya jenomu) huanzia nyukleotidi ya kwanza kabisa, ikatoka cRNA (nakala chanya ya jenomu) iliyokamilika. Kwenye cRNA huanzia ndani, nafasi ya 4 na 5, kisha kijipande hicho kinarudi nyuma hadi mwisho ndipo kinaendelea, ikatoka vRNA mpya.

Mashine ni ile ile na kiolezo ni kile kile. Nini kinaamua itoke mRNA au cRNA? Karibuni.

#2 Bi_Pipeti

Msingi umeuweka vizuri, MwanaRNA. Kwenye swali lako la mwisho, vitabu vya zamani vinazungumzia "swichi": eti protini mpya zikishatengenezwa, polimerasi inabadilisha kazi. Ushahidi uliotumika ni huu: ambukiza seli zikiwa kwenye saikloheksimidi, 100 µg/ml tangu mwanzo, ili protini mpya isitengenezwe. Utapata mRNA za kirusi, lakini cRNA hutaiona.

Sasa badilisha kitu kimoja. Kabla ya kuambukiza, zipe seli plasmidi (DNA ya duara inayobeba jeni) za NP na za polimerasi iliyouawa makusudi, yaani PB1 yenye D445A na D446A (aspartati, D, za nafasi ya 445 na 446 zimegeuzwa kuwa alanini, A). Polimerasi hiyo inashika RNA ila haiwezi kuunganisha hata nyukleotidi moja. Kisha ambukiza kukiwa na saikloheksimidi vile vile. cRNA inaonekana.

Maana yake nini? Iliyotengeneza cRNA ni polimerasi iliyoingia na kirusi, kwa sababu ile ya plasmidi imekufa. Basi cRNA ilikuwa ikitengenezwa wakati wote, ila iliozwa na vimeng'enya vya seli kwa kukosa wa kuivika. mRNA hunusurika kwa kuwa ina kofia mbele na mkia nyuma. cRNA haina hata kimoja, inategemea polimerasi iikamate ncha na NP iifunike njia nzima.

Kwa hiyo NP si gunia la kubebea tu. Kiasi cha NP na polimerasi huru ndani ya kiini ndicho kinachoruhusu urudufishaji uonekane.

Jambo la pili ni ANP32A, protini ya seli. Muundo uliochapishwa mwaka 2020 kutoka influenza C ulionyesha polimerasi mbili zimekaa ubavu kwa ubavu bila kulingana, na ANP32A imeziunganisha kama daraja. Moja inanakili, ya pili inapokea ncha ya 5′ ya RNA mpya ikiwa bado inatoka. Mkia wa ANP32A wenye asidi nyingi unadhaniwa kuileta NP karibu. Picha hiyo inapatana kabisa na hoja ya kuvikwa.

#3 Mtetea_Kuku

Hapo kwenye ANP32A niongeze upande wa ndege, maana ndipo PB2 627, yaani asidi amino ya 627 ya PB2, inapopata maana.

ANP32A ya kuku ina nyongeza ya asidi amino 33 ambayo ya binadamu haina. Polimerasi ya kirusi cha ndege, yenye glutamati (E) kwenye PB2 627, imezoea kushika ANP32A hiyo ndefu. Ndani ya seli ya binadamu inakutana na fupi, na urudufishaji unadorora. Lisini (K) kwenye nafasi hiyo hiyo inaondoa tatizo. Uhusiano huu wa ANP32A na 627 ulichapishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo watu walijua 627 ni muhimu kwa miongo bila kujua inagusana na nini.

Mbuni ni ndege, lakini ANP32A yake haina ile nyongeza. Ndiyo maana virusi vilivyopita kwa mbuni vimeonekana na 627K bila kupita kwa mamalia. Kwa hiyo ukikuta 627K kwenye sampuli ya ndege, uliza kwanza ni ndege gani.

Na msiseme "hakuna 627K, basi hakiwezi kuenea kwa watu". H1N1 ya mwaka 2009 ilizunguka dunia nzima ikiwa na 627E. Ilijifidia kwa serini kwenye 590 na ajinini kwenye 591, zilizo jirani kabisa na 627 kwenye uso wa PB2.

#4 Kisima24

Nondo nzuri. Mimi nishuke kwenye jaribio lenyewe, kwa sababu wengi wanaoliuliza wanalianza vibaya.

Minireplikoni haina kirusi hai, na huo ndio uzuri wake. Unahitaji plasmidi 4 za protini (PB1, PB2, PA, NP) zenye promota (mfuatano wa kuanzishia unakili) ya Pol II, plasmidi 1 ya kiolezo ambapo jeni la lusiferasi ya kimulimuli limewekwa kinyume na kuzungukwa na ncha za kipande cha kirusi, chini ya promota ya Pol I (polimerasi nyingine ya seli), na plasmidi 1 ya lusiferasi nyingine, Renilla ya kusawazishia.

Kwa kisima kimoja cha sahani ya visima 24, seli za HEK293T (za binadamu) zikiwa zimejaa asilimia 70 hadi 80:

PB1 ng 40, PB2 ng 40, PA ng 20, NP ng 80, kiolezo ng 40, Renilla ng 40. Jumla ng 260. Kimiminika cha kuingizia DNA, mikrolita 3 kwa kila mikrogramu, yaani kama mikrolita 0.8. Baada ya saa 20 hadi 24, toa maji ya seli, weka mikrolita 100 za bafa ya kupasulia, tikisa nusu saa, soma mwanga. Visima 3 kwa kila hali, na rudia siku tofauti angalau mara 3.

Kidhibiti hasi ni kisima kisicho na PB1, na pengo lake lijazwe na plasmidi tupu ng 40. Bila hiyo plasmidi tupu jumla ya DNA inabadilika na mlinganisho umekufa. PB1 yenye D445A/D446A ni bora zaidi kwa sababu protini ipo ila haifanyi kazi.

Yanayoharibika mara nyingi:

Promota ya Pol I huchagua mnyama. Ya binadamu inafanya kazi kwenye HEK293T na A549, ila kwenye MDCK (mbwa) au DF-1 (kuku) inakaa kimya. Mtu anaona sufuri kwenye DF-1 anaandika "polimerasi haifanyi kazi kwa kuku", kumbe kiolezo hakikutengenezwa kabisa. Kwa DF-1 tumia plasmidi yenye Pol I ya kuku.

Ncha za kiolezo ni lazima ziwe kamili. Nyukleotidi 13 za ncha ya 5′ na 12 za ncha ya 3′ ndizo promota ya kirusi. Ikibaki nyukleotidi ya ziada pale ulipounganisha DNA, mwanga unaporomoka. Soma mfuatano wa eneo hilo lote kabla ya kulaumu protini.

Lebo (kipande cha kuitambulisha protini) kwenye PB1 upande wa mbele ni hatari. Asidi amino za mwanzo za PB1 ndizo zinazoingia ndani ya PA, na ukiweka lebo pale umeziba tundu. PB2 upande wa mwisho huvumilia lebo vizuri zaidi.

Jotoridi: kirusi cha binadamu kimezoea njia ya juu ya hewa, karibu nyuzi 33, na cha ndege utumbo wenye joto zaidi. Ukilinganisha PB2 za asili mbili, fanya 33 na 37 pamoja, usichague moja.

#5 Bi_Pipeti

Nukuu: *Renilla ya kusawazishia*

Ndugu Kisima24, hapo pana mtego, na ni mkubwa. Kipande cha PA hutoa pia PA-X, protini iliyogunduliwa mwaka 2012. Ribosomu ikiteleza hatua moja kwenye mRNA ya PA, inatoka protini yenye mkasi ule ule wa mbele wa PA lakini mkia tofauti. Kazi yake ni kukata mRNA za seli zinazotengenezwa na Pol II. Renilla yako nayo inatengenezwa na Pol II.

Matokeo yake: PA yenye PA-X kali inashusha Renilla, na ukigawanya kimulimuli kwa Renilla, uwiano unapanda. Mtu anatangaza polimerasi yenye nguvu mara 4 kumbe kigawanyo ndicho kilichoshuka. Angalia namba ghafi za Renilla kila mara. Zikitofautiana zaidi ya mara 2 kati ya visima, usiripoti uwiano peke yake. Weka pia PA iliyobadilishwa pale ribosomu inapoteleza ili PA-X ipungue, na uone kama tofauti inabaki.

NP nayo ipimwe kwa ngazi, tuseme ng 20, 40, 80, 160. Ikiwa chache, kiolezo kirefu hakifunikwi. Violezo vifupi sana, chini ya nyukleotidi 80 hivi, vinaweza kunakiliwa bila NP kabisa, kwa hiyo ukipima kwa kiolezo kifupi hutaona kasoro ya NP hata kama ipo.

Na sasa swali la uzi wenyewe. Lusiferasi ni protini, inatoka kwenye mRNA. Chukua PA yenye D108A: mkasi umekufa, kofia hazikatwi, mRNA hakuna, mwanga sufuri. Lakini vRNA na cRNA zinaendelea kutengenezwa. Mwanga utasema "imekufa", RNA itasema "inarudufisha". Kinyume chake, mabadiliko yanayoongeza vRNA mara 3 yanaongeza violezo vya mRNA, mwanga unapanda, na ukiuangalia tu hujui ni unukuzi au urudufishaji uliopanda.

#6 Mwaka_wa_Tatu

Shikamooni wakubwa. Naomba kuelewa: protini nyingine za kirusi, yaani HA, NA, M1, M2, NS1 na NEP, hamjazigusa. Je, hazihusiki na urudufishaji?

#7 MwanaRNA

Marahaba. Baadhi zinahusika moja kwa moja, nyingine zinafungua na kufunga mlango. Nitafuata saa, kwa seli iliyoambukizwa na kirusi kinachokua vizuri.

Saa ya kwanza ni ya kuingia. HA inashika asidi siali juu ya seli, kirusi kinamezwa ndani ya kifuko, asidi inapanda. Kwenye pH kati ya 5.5 na 5.0 HA inajikunjua na kuunganisha tando mbili, lakini ikiwa tu imeshakatwa kuwa HA1 na HA2. HA ya mafua ya msimu inakatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa kama TMPRSS2. Ndiyo maana kwenye MDCK tunaongeza tripsini ya TPCK, kama 1 µg/ml, na kwenye maji yasiyo na seramu, kwa sababu seramu inaizima tripsini. Ukisahau kuosha seramu, kirusi kinazunguka mara moja na kuishia hapo. HA za H5 na H7 kali zina msururu wa asidi amino zenye chaji chanya pale pa kukatwa, furini iliyomo kwenye kila seli inatosha, na ugonjwa unatoka nje ya mapafu na utumbo. H5N8 iliyothibitishwa Uganda Januari 2017 kwenye ndege pori wa Ziwa Victoria ni ya kundi hilo.

Wakati huo huo M2, tundu la protini 4 lenye His37 kama kipima asidi, inapitisha protoni hadi ndani ya kirusi. M1 inaachia RNP. Bila hatua hiyo RNP zinaingia kwenye seli zikiwa zimegandana na M1 na hazifiki kwenye kiini. Amantadini iliziba tundu hilo, hadi badiliko la M2 liitwalo S31N lilipoenea na kuifanya dawa hiyo isiwe na maana kwa virusi vingi vya leo.

RNP ni kubwa mno kupenyeza yenyewe. NP ina alama inayoshikwa na importini alfa, ndipo inavutwa ndani ya kiini. Polimerasi mpya nazo huja kwa mafungu: PB1 na PA pamoja, PB2 peke yake, zikakutana ndani.

NEP ndiyo inayogusa mada yetu zaidi. Inatoka kwenye mRNA ya kipande cha 8 iliyokatwa na kuunganishwa upya, na kwa kuwa ukataji huo ni hafifu, NEP inajikusanya polepole. Inafanya kazi kama saa ya kirusi: ikishakuwa nyingi, mizani ya polimerasi inaelemea vRNA, na M1 pamoja na NEP zinaifikisha RNP kwa CRM1 itoke nje ya kiini. Leptomisini B ikizuia CRM1, utaona NP imekwama ndani ya kiini. Minireplikoni ya kawaida haina NEP. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoichukulia kama kirusi kizima.

Saa ya 6 hadi 8 virusi vipya vinaanza kutoka. M2 inasaidia kukata shingo ya utando, NA inakata asidi siali ili visigande kwenye seli mama.

#8 Bi_Pipeti

NS1 kwa ufupi: hainakili chochote. Inaficha RNA ya mikondo miwili, kwa Arg38 na Lys41, na inazuia ishara ya interferoni (king'ora cha seli dhidi ya virusi) kupitia protini za seli TRIM25 na RIG-I. NS1 nyingi pia hushika CPSF30, protini ya seli, na kuzuia mRNA za seli zisikamilike, ila NS1 ya PR8, kirusi cha maabara cha mwaka 1934, haina uwezo huo. Usichukue matokeo ya PR8 ukayavisha virusi vyote. Kirusi kisicho na NS1 hukua kwenye Vero (seli za tumbili) kwa sababu Vero hazina jeni za interferoni aina ya I. Kwenye A549 kinakwama, japo polimerasi yake ni nzima.

#9 Kisima24

Kuhusu PA-X nimekubali, Bi_Pipeti. Nitaweka kisima cha PA yenye PA-X pungufu kwenye kila sahani.

Niongeze la dawa kwa wanaotumia minireplikoni kuzipima. Baloxaviri inaziba mkasi wa PA (Japani iliiruhusu Februari 2018, Marekani Oktoba mwaka huo), na I38T kwenye PA ndiyo badiliko la usugu linalotafutwa kwanza. Lakini kidonge ni baloxaviri maboksili, ambayo mwili unaigeuza kuwa asidi ya baloxaviri. Kwenye seli za sahani ugeuzaji huo ni wa kubahatisha, kwa hiyo nunua asidi yenyewe. Oseltamiviri ni vivyo hivyo, tumia kaboksileti. Ila oseltamiviri usiipime kwenye minireplikoni hata kidogo, inalenga NA, na NA haimo humo.

#10 Mwaka_wa_Tatu

Asante sana kwa madini. Sasa kama mwanga hautoshi, urudufishaji unapimwaje hasa?

#11 Bi_Pipeti

Kwa kupima RNA tatu kila moja kivyake: vRNA, cRNA na mRNA.

Kwenye hatua ya RT (kugeuza RNA kuwa DNA), tumia praima (kipande kifupi cha kuanzishia nakala) yenye mkia wa nyukleotidi 18 hadi 20 usiofanana na kirusi wala binadamu. Kwenye qPCR (kukuza DNA hiyo huku ukipima kiasi), praima moja ishike mkia huo, nyingine ishike kirusi. Kwa hiyo kinachokuzwa ni kile tu kilichoanza na praima yako. Kwa mRNA, praima ya RT iwe na T nyingi zikifuatiwa na nyukleotidi chache za mwisho wa ujumbe. Kwa cRNA, ishike kile kipande cha mwisho ambacho mRNA haikifikii, kwa sababu unukuzi umeishia kwenye zile U.

Adui ni RNA kujianzisha yenyewe. RNA ya kirusi hujikunja, RT inaanza bila praima, na mikondo inachanganyika. Fanya RT ya moto, nyuzi 60, ukiwa na trehalosi, na uweke praima mchanganyiko ukishafika joto hilo. Vidhibiti ni viwili na vyote ni vya lazima: RT bila praima, na praima bila RT. Tengeneza pia RNA safi za kila mkondo kwenye mirija, kisha jaribu praima ya cRNA dhidi ya vRNA peke yake. Ikikupa ishara inayokaribia ile ya cRNA, praima hiyo itupe.

Kwenye minireplikoni kuna mengine mawili. Plasmidi ya kiolezo ina mfuatano ule ule, kwa hiyo tumia DNase (kimeng'enya cha kuozesha DNA) mara mbili. Na vRNA ya kwanza inatengenezwa na Pol I ya seli, si polimerasi ya kirusi, kwa hiyo kisima kisicho na PB1 hakitasoma sufuri kwa vRNA. Toa kiasi hicho. cRNA ndiyo inayosema ukweli mapema, kwani hakuna wa kuitengeneza isipokuwa polimerasi ya kirusi.

#12 MwanaRNA

Asiye na mashine ya qPCR ya kuaminika, njia ya zamani ya kurefusha praima bado inasimama: praima yenye fosforasi 32, RT, kisha jeli ya akrilamidi asilimia 6 yenye yurea molari 7, na rRNA ya 5S kama kipimo cha kiasi. Kwenye jeli moja praima ya mkondo chanya inakupa mistari miwili: cRNA ni mstari mmoja mkali, na mRNA iko juu yake kwa nyukleotidi 10 hadi 13, imetawanyika kidogo. Mtawanyiko huo ni vile vipande vya kofia vya urefu tofauti. Ukiweka PA D108A, mstari wa juu unatoweka na wa chini unabaki.